Moshi Uliogeuziwa Kwetu

Ngorongoro

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua? Na zamu yako ya maji ya mfereji, wanakupa kamili? Mimi mwili ni mzima. Dada Ana akusomee polepole, maana nataka ujue Petro alivyokufa.

Huku hotelini ukungu hauishi. Shuka ukizipiga pasi dirisha likiwa wazi, zinarudi mbichi, kwa hiyo Petro alijifungia ndani ya chumba cha pasi, kama tulivyofundishwa. Jenereta iko nyuma ya chumba hicho. Zamani bomba lake la moshi lilielekea barazani. Wageni wawili walikunja pua wakinywa chai, na meneja akaligeuza siku ileile, likatazama ukuta wa Petro. Moshi ukawa unapenya chini ya bati. Hiyo ndiyo akili aliyosomea.

Petro alilalamika kichwa kinamuuma. Meneja akamjibu mbele yetu, "Umekulia kwenye moshi wa kuni wa mama yako, huu wa dizeli unakushinda?"

Petro, unavyomjua, akasema, "Wa mama una ugali juu yake, bwana."

Tulicheka sana. Siku ya tatu, mchana, nilimkuta ameinamia shuka alizokwisha kukunja, kona kwa kona, kama alivyokuwa akikunja khanga zako utotoni. Tulimzika Karatu, lori la kuja huko nyumbani Digodigo halikupatikana.

Baada ya maziko meneja akaniletea karatasi ya taipu: marehemu alikuja na kifua kutoka kwao. "Weka sahihi, wewe ndiye ndugu. Moshi ungekuwa unaua, mbona mimi mzima?" Anakaa upande wa maua, mtu huyo, kisha anajisifia mapafu. Sikuweka sahihi.

Sasa nasikia unajilaumu kwamba ulimruhusu aondoke na kikohozi. Mama, kikohozi kile kilikwisha kabla hajamaliza asali uliyomfungia. Ulimtoa nyumbani mzima. Usimbebee mjinga kosa lake.

Pasi ya Petro nimepewa mimi. Meza nimeihamishia mlangoni, mlango wazi, na shuka zinanyonya ukungu. Meneja amefoka mara mbili. Nimemwambia kwa upole zitakaukia mgongoni mwa wageni.

Nisalimie mjomba Yohana mgawa maji, na shangazi Marta aliyetupokea sote tulipozaliwa. Ana nampa mkono wa shukrani kwa kukusomea.

Mwanao,
Elia