Laini Niliyoipendekeza Mwenyewe

Jumatatu, 6 Machi 1989
Leo mashine za sabuni zimezimwa saa nzima ili tuwezeshwe. Masinde, mkubwa wetu wa wafanyakazi, ametoka semina hotelini na neno jipya na tai mpya. Kuanzia leo kiwanda ni chetu! Kila mtu atoe wazo. Watu wanatazama viatu. Basi mdomo wangu huu — nikasema tuchague kamati kwa laini, kama mitaani kwenye uchaguzi wa RC, yale mabaraza ya mtaa, mwezi uliopita. Mgombea asimame mbele, wanaomtaka wajipange nyuma yake, na yeye asigeuke, asije akaweka kinyongo. Masinde akapiga makofi. Nimezawadiwa mche wa sabuni. Niliukata mwenyewe Ijumaa!

Alhamisi, 9 Machi
Mwenyekiti ni mimi. Watu thelathini na mmoja nyuma yangu! Wa kwanza alikuwa Akwero, mwenzangu wa meza ya kukatia. Sikugeuka, lakini kile kikohozi chake — magadi ya sabuni yamemkaa kifuani — nakijua hata usingizini. Niliona raha, nisijidanganye.

Ijumaa, 17 Machi
Kikao cha kwanza. Tumeshirikishwa kuamua rangi ya pazia la kantini. Kijani au bluu, dakika arobaini. Nikauliza habari ya glavu, maana magadi yanatula vidole. Masinde akasema hilo ni la wataalamu. Pazia ni bluu.

Jumatatu, 20 Machi
Haya sasa! Mafuta ya mawese hayapatikani, watu watatu wapunguzwe. Mkurugenzi hataki kutuonea, kwa hiyo tuamue wenyewe. Kwa njia yetu. Laini! Watatu watakaopata watu wengi nyuma yao, hao ndio wanaokwenda. Nikauliza kama wakubwa nao watasimama mbele. Watu wakacheka. Masinde hakucheka. Dakika tano hazijaisha, Kasim wa stoo akalitaja jina langu. Eti mimi Mkenya, nina kwetu pa kurudi. Kwetu! Vera wangu yuko darasa la saba hapa Makindye, mtihani ni mwaka huu, na Bungoma sina hata jiko.

Akwero kaniapia jioni: atajipanga popote, ila si nyuma yangu.

Jumanne, 21 Machi
Naandika nikiwa wima uani, daftari limefichwa kwenye aproni. Tuko sita tuliotajwa, mbele, uso ukutani. Watu wameshajipanga. Masinde alipofika kuhesabu laini yangu, simu ikalia ofisini, akakimbia. Tusisogee, tusigeuke. Kwa nini? Ndiyo sheria. Ya nani? Ya mwenyekiti.

Mtu wa kwanza nyuma yangu anakohoa.

Sikuita jina. Mwenyewe akasema polepole, "Usigeuke, Mama Vera. Kasim anaandika nani kasimama wapi."

Banange, jamani! Kikohozi hichohicho! Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Halafu namsikia anavyojizuia asikohoe tena, namwonea huruma, mume wake polisi kule Naguru na mshahara haufiki. Halafu nakasirika upya. Nyuma yake kuna nyayo nyingine, sijui ngapi.

Masinde amerudi, tai begani. Amesahau alipofikia, anaanza upya laini yangu kutoka mbele.

Moja, anasema. Huyo ni Akwero.