Mfagizi Hakuwemo Kwenye Karatasi

4 Februari

Dada mpenzi,

Hujambo? Shemeji na mtoto hawajambo? Mimi mzima, ila macho yamechoka na makaratasi. Dodoso letu la wodi ya wazazi limerudi: wanawake mia nne na kumi na wawili, na tisa katika kila kumi wameridhika. Bosi anatabasamu. Mwisho wa mwezi hospitali itaambiwa wakunga wanatosha. Nasikia na nyumba yenu ilifikiwa. Ulijibuje?

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mtoto anaota jino la pili. Umeniuliza, na wewe siwezi kukuficha: nilidanganya. Yule dada wa maswali alinikuta na mama mkwe, kakaa pale pale anachambua maharage, masikio wazi. Ningesema nini? Nikasema nimeridhika, tena sana.

Siku niliyojifungua mkunga alikuwa mmoja tu, naye yuko chumba cha upasuaji. Niliita mpaka sauti ikakauka. Aliyekuja ni mama mfagizi. Akaweka ufagio chini, akanawa mikono, akasema, "Nishike bega, mwanangu. Usinionee haya." Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Alikitoa taratibu, kama mtu anayefungua kifungo.

Karatasi iliuliza nani alinizalisha: daktari, mkunga au muuguzi. Mfagizi hakuwemo. Nikachagua mkunga.

Tafadhali usimtaje. Watamfukuza.

Dada yako

27 Juni

Dada yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa ukimya. Barua yako sikumwonyesha mtu. Nilimwambia bosi tu, "Tuwaulize tena, kila mmoja peke yake, na tuwaachie mstari mtupu waandike wenyewe, bila jina." Akaninunia siku mbili. "Miezi mitatu ya kazi unataka tuitupe?" Siku ya tatu akakubali.

Dada, wanawake thelathini na saba wameandika "mfagizi". Ungesema wewe peke yako, wakubwa wa hospitali wangeita porojo, na wangejua ni nani kasema. Hao thelathini na saba hakuna aliyeweza kuwabishia, wala kumjua hata mmoja. Na wafagizi wako tisa; wa kufukuzwa hakupatikana. Wakunga watatu wapya wameanza kazi.

Ahsante. Bila wewe ningepeleka uongo uliopangwa vizuri kwenye majedwali.

Mdogo wako

6 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo kabisa. Jana nilimpeleka mtoto chanjo, nikapitia wodini. Wakunga nimewaona kwa macho yangu. Mama yule alikuwa anapiga deki koridoni.

"Mama, nimekuja kukushukuru," nikamwambia.

"Ya nini tena?"

Nikamgeuzia mtoto. Alimtazama, akafuta mikono kwenye gauni, akampakata. Akasema mimi ni wa kwanza kurudi. Nadhani wenzangu wote waliogopa kumponza, kama mimi. Nikamuuliza hali ya kazi.

"Kila nilipozalisha nilikuwa naogopa mtoto atanifia mikononi," akasema. "Siku hizi nafagia tu, mwanangu. Hujui raha yake."

Nikaona nikuandikie leo leo.

Dada yako