Msalaba Ndani ya Maziwa

Nyatichi wee, weka hiyo chai chini. Obare wetu amejimaliza hapa soko ya Uriri!

Si unakumbuka kile kidude alitengeneza na simu na vioo vya miwani ya jua, cha kukamata maziwa yenye imechanganywa na unga? Leo amepima ya Jerusha, yule mwenye anauza maziwa karibu na mamake, mbele ya watu wote. Chembe za unga zikang'aa kwa skrini, kila moja na msalaba ndani.

MSALABA, Nyatichi!

Obare anapiga kelele, "Huo ni unga! Ni mwanga tu ukipita kwa hivi vioo!" Watu wameshapiga magoti. Jerusha, mwizi huyo, ameuza yote dakika kumi.

Ya mamake Obare ilikuwa safi kabisa. Wamekataa, ati haina Yesu.

Saa hii mama anamuuliza Obare aweke unga vijiko ngapi.