Shanga Zilizomwagika Kanisani

Mama Lois, salamu katika Bwana. Ukurasa wako wa kazi za mikono nausoma kila mwezi gazeti letu likifika kanisani, na leo ni mimi ninayehitaji msaada, kwa sababu jambo langu lilianzia mikononi na sasa limefika mbali.

Mimi ni mama wa watoto watatu, natoka Uvira, tulikaa kambini Uganda miaka kumi na mmoja na huu ni mwaka wa tatu tuko huku ughaibuni, mji wa New Hope, nafanya kazi ya kutunza wazee, na majira ya baridi yaliyopita, wakati hakuna pa kwenda na vidole vinataka kitu cha kushika, nikaanza kutunga shanga kwa kufuata video za simu, nikatengeneza bangili, nikatengeneza hereni, wanawake wa kanisa wakasifu, na mimi nikaziamini sifa zao. Ndipo Mukamana, rafiki yangu tangu kambini, akaja kuniambia binti yake Mutesi anaolewa Julai na Sydney, kijana wa Kikenya, naye anataka nimtengenezee bibi harusi kidani, akafungua kitambaa akanipa shanga tisa za bluu za marehemu mama yake, ambazo yeye mwenyewe alivuka nazo mpaka wa nchi akiwa amezishonea kwenye pindo la nguo, akasema, "Maman Héritière, hizi nakuamini wewe."

Kidani nilikimaliza Alhamisi kabla ya harusi. Nilipokivuta kidogo kukijaribu, nikaona kile kishanga cha chuma kinachobanwa mwishoni ili kushika uzi kimeteleza, si sana, upana wa punje ya mchele tu, na zamu yangu ilikuwa inaanza saa nane, na Mukamana alikuwa njiani kuja kukichukua, basi nikakibana tena kwa koleo kubwa la mume wangu Ildephonse, lile la gari, nikadondosha gundi juu yake, nikafunika kwa shanga kubwa mtu asione, nikajiambia kitashika. Mama Lois, nilijua. Hilo ndilo linaloniua.

Siku ya harusi, pasta alipokwisha kuwatangaza mume na mke, mama yake Sydney, Maman Philister, muuguzi wa huko Saint Paul, mwanamke wa mwili na wa furaha nyingi, alikuja mbele akamkumbatia Mutesi akamtikisa huku na huku, na kidani kikaachia. Shanga zikamwagika kwenye sakafu ya mbao, zikabingirika mpaka chini ya viti, mpiga kinanda akanyamaza, na Maman Philister akabaki ameinua mikono hewani akisema, "Woi, nimefanya nini? Nimefanya nini jameni?" Tulipiga magoti na nguo zetu za sherehe tukazikusanya kwenye kikombe cha karatasi. Zile za bluu tulipata saba.

Uzi niliuokota mimi. Ulikuwa mzima. Haukukatika, ulichomoka, na tone la gundi lilikuwa bado limeganda kwenye ncha. Nikautia mkobani.

Tukiwa kwenye maegesho, mashangazi wa bibi harusi wakaanza kusema yule mama amevuta kwa makusudi, kwamba tangu mwanzo hakutaka binti wa Kikongo, kwamba amemvua mtoto baraka za bibi yake mbele ya madhabahu. Mukamana akanishika mkono. "Maman Héritière, wewe ulikuwa karibu. Alivuta, si ndiyo?"

Nikasema, "Sikuona vizuri."

Sasa ni wiki saba. Maman Philister amepiga simu, ametuma wazee wa kanisa, Mukamana hapokei simu wala wazee. Mutesi anaumia katikati, ananiambia mama mkwe akienda nyumbani kwao, mji wa Savage, hamkumbatii tena, anampa mkono tu halafu anaurudisha haraka mfukoni. Na binti yangu Héritière, ana miaka kumi na minne, aliniona siku ile nikitia gundi. Huyu mtoto nikisema naye kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, lakini juzi alikiongea Kiswahili, polepole, nisipate kusema sikumwelewa: "Mama, utasema lini?"

Juu ya hayo Mumbi, kiongozi wa kwaya ya kina mama, ameniagiza vidani na hereni za sherehe yao ya Oktoba, nikakubali kwa sababu nikikataa ataniuliza kwa nini. Tena hereni nilizowatengenezea wasimamizi wa harusi, mbili zilidondoka siku hiyo hiyo, zile pete ndogo za waya za kuunganishia zilijiachia zenyewe, na sikio la Kasika, mmoja wao, likavimba. Je, mikono yangu ina kasoro? Niiache hii kazi? Na Maman Philister nimwambie, au nifuate anavyosema Ildephonse, kwamba maneno yatapoa yenyewe na nikifungua mdomo sasa nitaitwa mwongo mbele ya kanisa zima?

Mama wa New Hope

*

Mama Héritière,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye gundi. Gundi, dada yangu! Kwenye kidani cha bibi harusi!

Nakuonea huruma, na nitakuambia sababu kabla sijakugombeza zaidi. Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza bangili niliacha ncha ya waya imechomoza, ikamkwaruza shavuni mtoto mchanga wa mwenzangu wa kazini. Aliponionyesha, nilimwambia labda ni kucha za mtoto. Yule mama akazikata zile kucha mpaka nyama ikawa nyekundu. Nilikuja kumwambia ukweli mwaka mmoja baadaye. Alinisamehe, lakini hakuvaa tena kitu kilichotoka mkononi mwangu, na sikuwa na la kumlaumu. Kwa hiyo najua unavyolala.

Mikono yako haina kasoro. Una haraka, na huna vifaa. Koleo la gari ni la kuponda, na wewe ulikiponda kile kishanga kikawa bapa, uzi ukapata pa kutokea. Nunua koleo dogo la kazi hiyo, lenye vishimo viwili mdomoni. Kishimo cha kwanza kinakibonyeza kishanga katikati, ili kila upande wa uzi ulale peke yake. Cha pili kinakikunja kiwe duara na kushika. Weka vishanga viwili kila mwisho, si kimoja, na mkia wa uzi uurudishe ndani ya shanga tatu au nne kabla ya kuukata. Usikaze kidani kama kamba ya kuanikia nguo. Acha nafasi ndogo shanga zipate kugeuka, la sivyo uzito wote unaangukia mwisho. Halafu kivute. Si kwa vidole viwili, kivute kama mkwe mwenye furaha atakavyokivuta. Kikiteleza hata upana wa punje ya mchele, kata uanze upya, na mteja angoje.

Zile pete za hereni ulizifungua kwa kuzipanua kushoto na kulia, sivyo? Pete ikipanuliwa hivyo hairudi kuwa duara. Ishike kwa makoleo mawili, ncha moja isukume mbele na nyingine ivute nyuma, kama unavyofungua mlango, kisha irudishe hivyo hivyo mpaka ncha zigusane. Na sikio la Kasika limekataa nikeli iliyo kwenye zile kulabu za sikioni za bei rahisi. Mpe nyingine za fedha halisi na umwombe radhi. Hayo yote utayajifunza kwa wiki mbili.

Lililobaki ni zito. Ulimwambia Mukamana maneno mawili tu, "sikuona vizuri", na kwa maneno hayo mwanamke asiye na kosa amebeba jina la mwenye nia mbaya wiki saba. Mume wako anakupenda na anataka kukukinga, lakini maneno haya hayapoi. Kila wiki unayonyamaza kuna mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza na kuyaamini. Unaogopa kuitwa mwongo? Uongo ulishasemwa, mama. Sasa unachagua tu ni nani aendelee kuulipia.

Utaanza na Philister, maana yeye ndiye uliyemkosea zaidi. Nenda nyumbani kwake, mchana, wewe mwenyewe. Usimtumie ujumbe wa simu, usipeleke mzee wa kanisa, na Ildephonse akikusindikiza abaki garini. Chukua ule uzi uliouficha uuweke mezani, kwa sababu uzi uliobanwa vizuri ukivutwa kwa nguvu hukatika ukaacha ncha iliyochanika, na wako umetoka mzima. Hata mtoto ataona. Mwambie ulijua tangu Alhamisi. Usiseme "kama nilikukosea". Ukimaliza, nyamaza umsikilize, hata akipaza sauti. Kisha nenda kwa Mukamana siku hiyo hiyo, kabla habari haijafika kwa mdomo wa mtu mwingine. Kidani usikiahidi upya mpaka uombwe, maana kitaonekana kuwa hongo. Na Mumbi mweleze wazi kilichotokea, achague mwenyewe kama bado anakutaka.

Ukishafanya hayo, niandikie. Barua yako sitaichapa kabla.

Lois

*

Mama Lois, nimekwenda, Jumamosi saa nne asubuhi. Maman Philister alinikaribisha chai, mimi nikauweka uzi mezani kabla sijainywa. Akavaa miwani, akaugeuza geuza.

"Hii haijakatika," akasema.

"Hapana. Ulichomoka. Niliona unateleza tangu Alhamisi, nikatia gundi."

Akavua miwani, akaiweka kando ya uzi. Kisha akasema, "Wiki saba nimekuwa nikiwageuza wagonjwa kitandani nikiogopa mikono yangu mwenyewe. Umenikosea sana."

Nikasema, "Ndiyo." Alilia, nami nikalia, halafu akaenda kuchukua koti lake, akasema tutakwenda pamoja kwa Mukamana.

Mukamana alinisikiliza amesimama. Aliniuliza jambo moja tu: "Nilikushika mkono nikakuuliza, ukasema hukuona?" Nikasema ni kweli. Akaniambia nitoke, Maman Philister abaki. Nikiwa kwenye ngazi niliwasikia wawili wale wanalia pamoja.

Jumapili Maman Philister alimkumbatia Mutesi mlangoni mwa kanisa, kwa nguvu zake zote, watu wanaona. Mumbi amesema bado ananitaka, ila kila kidani atakivuta yeye mwenyewe. Lakini Mukamana alinipita kama kiti. Nifanye nini? Barua zangu chapa, wahusika wenyewe wamekubali, Mukamana akijibu kupitia Mutesi, ila ubadilishe majina.

*

Mama Héritière, majina nimebadilisha, hata la binti yako ninalokuitia hapa.

Mukamana ana haki ya kukasirika, na hasira yake si kazi yako kuiharakisha. Usimpelekee zawadi, usimtume mtu, usimweleze tena. Alikusikia vizuri mara ya kwanza. Kila Jumapili msalimie kwa jina lake. Asipoitikia, ingia ukakae mahali pako, na Jumapili inayofuata msalimie tena.