Kesho Wanaitoa

Jumatano, jioni

Sitaki kufikiria kesho lakini nimeshindwa. Ile silikoni niliyowekewa baada ya titi kukatwa kwa saratani imepasuka, na daktari anataka kuitoa aweke nyingine. Kisu sikiogopi sana. Naogopa watakachokuta nyuma yake.

Leo mama amefika kutoka Mitunguu. Aliponikumbatia nilishtuka kwa maumivu, ikabidi nimwambie.

“Na wakikuta ule ugonjwa umerudi?” akauliza.

Nikamwambia basi wasiweke nyingine, wafunge tu.

“Wafunge, Kendi. Nilipokuzaa hukuwa na matiti.”

Tulicheka mpaka nikajishika kifua. Halafu akaenda jikoni kupika chai, nikamsikia akiomba kwa Kimeru, akitaja jina langu tena na tena.