Nani Aliruhusiwa Maji ya Kiangazi

Kariandusi, 19 Januari 2025

Mwanangu Valarie,

Natumaini mko wazima huko Kiamunyi, wewe na watoto. Sisi tupo, ila kiu. Kijito kimekauka tena, na huko juu, kwenye shamba la maua, pampu inanguruma mchana kutwa. Jirani yetu Jepkemei ameshauza mbuzi wote. Tulimwendea meneja wa shamba, akasema ana kibali cha serikali. Nikamuuliza kinasemaje, akasema hayo ni mambo ya ofisi, si yetu. Wewe uko karibu na ofisi. Ni kweli hatuwezi kujua?

Mama yako,
Trizah

Kiamunyi, 2 Februari 2025

Mama,

Pokea salamu. Goti linaendeleaje? Watoto wanakusalimia sana.

Nilienda ofisi ya maji nikitarajia kufukuzwa. Mama wa kaunta akaniambia vibali vya maji ni vya umma, raia yeyote anaweza kuomba kuviona. Hata hakuuliza natoka kwa nani. Nilibaki nimesimama pale nikidhani sikusikia vizuri. Ila ombi liwe la maandishi. Nimeliandika kwa jina lako, maana kijito ni chenu. Weka sahihi, umpe Kinyanjui wa mboga anirudishie.

Binti yako,
Valarie

Kiamunyi, 16 Machi 2025

Mama,

Mnaendeleaje na jua hili? Mbona kimya? Ombi nilipeleka, na muda wao wa kujibu umepita. Nimerudi tena, mkubwa mmoja akataka kujua nani ametutuma. Nikamwambia ni mama yangu. Akacheka. Nimeandika malalamiko. Niambie tu kama mko salama.

Binti yako,
Valarie

Kariandusi, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Sisi ni wazima, na nyinyi je? Usinilaumu kwa kunyamaza, nilikosa pa kuanzia.

Jibu lilikuja kwangu mwenyewe: "Kwa Bi. Trizah Nabalayo." Nililisoma nimesimama. Mimi, ambaye hata chifu hunijibu akitazama simu yake. Walikuwa wameambatisha kibali chenyewe. Shamba limeruhusiwa maji ya mafuriko peke yake. Ya kiangazi ni ya watu na mifugo wa huku chini.

Tulipanda hadi shambani akina mama wote, pamoja na Kiplangat, afisa wa maji. Meneja alisoma, akarudia kusoma, kisha akaniuliza nimekipata wapi.

Nikamwambia, "Niliomba."

Kiplangat akaamuru pampu izimwe. Ule ukimya, Valarie. Ndege wakaanza kusikika.

Tukateremka, tukangoja kandokando ya kijito. Kwanza mawe yalibadilika rangi. Halafu maji yakaja, membamba, polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake. Jepkemei akainama, akavua viatu. Nasi sote tukavua.

Mama yako,
Trizah