Nimezikata Suruali Zake Zote, Neno Lake Sijalisikia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiweza nijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe na mimi nikiachwa na akili zangu hizi nitaharibu. Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo lenye meza ya kukatia, kioo na pazia la kujaribia nguo, na nasifika kwa mambo mawili, mshono usiofumuka na mdomo usiopumzika, mteja hajamaliza kueleza shida yake mimi nimeshaijua na chaki iko mkononi. Ng'ambo ya barabara kuna fundi baiskeli, mwanamume mpole, mikono yake ni ya grisi lakini akija kwangu huwa ameisugua mpaka inang'aa, naye ana kigugumizi, tena si cha mchezo, neno likimkwama linakwama na uso mzima, macho yanafumba, shingo inakaza, na mimi roho yangu haivumilii kumwona mtu akihangaika hivyo wakati neno lake ninalo hapa mdomoni, basi namsaidia.

Siku ya kwanza alikuja na suruali akaanza, nimekuja ku, ku, ku, nikamwambia kupunguza, nimeelewa, leta. Nikapunguza. Akarudi na nyingine, nikapunguza. Safari moja alitikisa kichwa akasema si, si, si, nikamalizia mwenyewe, si sana, inchi moja tu, nikashika mkasi, naye akanitazama, akacheka, akalipa, akaenda zake. Nikawa najiuliza, huyu mtu mbona barabarani ni mrefu na kwangu kila siku suruali zinamzidi?

Juzi dada yake alikuja kuchukua gauni lake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Wifi." Nikashtuka kwa hilo wifi. "Kaka yangu hajawahi kutaka kupunguza suruali hata moja. Zilikuwa kisingizio cha kuja kukuona. Sasa zote zimepanda juu ya vifundo vya miguu, na alichokuja kusema hujamwacha akiseme."

Mshauri, nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikalia kweli, maana nampenda, nampenda tangu ile suruali ya kwanza, na nilidhani kwake mimi ni mkasi tu. Dada yake anasema Jumamosi mchana atakuja mikono mitupu, aseme kwa kinywa chake, hataki kutuma mtu wala kuandika ujumbe. Sasa naogopa, nikimwona anahangaika mdomo utaniponyoka tena, yeye acheke, aende zake, na safari hii asirudi. Je, nimwambie ndiyo kabla hajaanza, nimwondolee taabu? Au nimwombe aimbe, maana akitengeneza baiskeli huwa namsikia anaimba na hakwami popote?

Ni mimi, Fundi Mwenye Haraka.

*

Fundi Mwenye Haraka, pole, hongera, na funga mdomo.

Nimecheka mpaka chai imenimwagikia, halafu nikamhurumia huyo baba wa watu anayetembea na suruali za mtoto wa shule kwa ajili yako. Hivi mwanangu, hukujiuliza ni mteja gani anapunguza kila suruali aliyo nayo?

Tuelewane kwanza kuhusu kigugumizi. Neno analo, zima kabisa, kichwani mwake kama lilivyo kwako. Ila ili litoke, pumzi, koo, ulimi na midomo lazima vianze safari pamoja, na kwake vinakosana mlangoni. Si woga, si upungufu wa akili, wala hakulelewa vibaya. Wimbo una mdundo unaovishika vyote mkono, ndiyo maana akiimba hakwami, lakini hajaja kwako kutumbuiza, kwa hiyo hilo lisahau. Wala usimwambie atulie, avute pumzi, aseme polepole. Hayo ameyasikia tangu utotoni kwa walimu, wajomba na majirani, na hayajamfaa. Wapo wataalamu wa usemi na wanasaidia, lakini akitaka kwenda ataamua mwenyewe, wewe utamsindikiza.

Wewe unaiita huruma. Mimi naona anayeshindwa kuvumilia ule ukimya ni wewe, na taabu unayoiondoa ni yako. Kila ukimmalizia neno, unamwambia kwamba kisio lako linamtosha. Na tazama ulivyo hodari wa kukisia, mwenzio hana suruali ya kuvaa.

Sasa unataka kujibu kabla hujaulizwa. Unajibu nini? Dada yake kakwambia, sawa, lakini yeye mwenyewe hujamsikia. Labda anakuja kudai vile vipande ulivyokata. Labda ana maneno mazuri kuliko yote unayoyawaza, na ukimkatiza hutayapata kwa mtu mwingine yeyote. Angeweza kutuma ujumbe, akakataa. Anataka uyasikie kwake, pamoja na kukwama kwake kote, na mimi nikisoma hapo machozi yalinilenga.

Jumamosi zima redio, weka mkasi kwenye droo, toa viti viwili. Kaa. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote, na neno likikwama usigeukie dirishani wala usitikise kichwa kumharakisha. Na kwa kuwa nimeshakujua, chukua zile pini unazobana midomoni ukimpima mtu gauni, uzibane. Ukiwa na pini mdomoni husemi, mazoea hayo unayo tayari. Hata ikichukua mchana wote, mwache afike mwenyewe mwisho wa sentensi yake.

Akimaliza, na uhakikishe amemaliza, mjibu yote yaliyo moyoni, kwa urefu unaoutaka. Atakusubiri, amezoea. Wiki ijayo mshonee suruali mpya, ndefu, bila malipo.

Ila kabla ya ndiyo, na hasa kabla hajakukumbatia, kumbuka kutoa pini.